Saa ndefu ya pendulumu imesimama: namna ya kutafuta shida na kuitunza nyumbani

Saa kubwa ya kusimama chini, ile ndefu kama mtu, yenye kabati la mbao, kadrani juu na pendulumu inayoyumba nyuma ya kioo, haiombi umeme wala betri. Inaomba mkono wa mtu mara moja kwa juma, basi. Njo maana, hapa kwetu ambapo umeme unakuja na kwenda, saa ya namna hii bado iko na faida: katika nyumba ya mzee, katika paroasi, katika familia iliyoirithi. Lakini ikisimama, watu wanasema haraka «imekufa». Inasukumwa kwenye kona, watoto wanacheza na mishale, na siku moja inauzwa kwa bei ya mbao.

Mara nyingi haijafa. Inaweza kuwa sakafu haiko sawa, kizito kimetundikwa vibaya, au mshale mmoja unagusa mwingine. Hizo ni shida ambazo mwenye nyumba anaweza kuziona na kuzitengeneza bila kulipa hata franga moja. Ziko pia shida za kumwachia fundi, kwa sababu ukizigusa unaharibu saa au unajiumiza. Hapa tunaeleza zote mbili, kwa hatua. Mengi yanafaa pia kwa saa ya ukutani yenye pendulumu.

Inatembeaje?

Ndani ya kabati kuna vizito viwili au vitatu, vimeshikwa na kamba ya chuma au mnyororo. Kizito kinashuka pole pole na kuvuta magurudumu yenye meno. Kama hakuna kitu cha kuyazuia, magurudumu yangezunguka mara moja paka chini. Kizuizi ni kipande cha chuma chenye umbo la nanga: kila pendulumu inapoyumba, nanga inaachilia jino moja tu la gurudumu la mwisho. Ile sauti ya tik, tak ni jino linaloanguka juu ya nanga. Na kila jino linapopita, linaisukuma pendulumu kidogo ili isichoke.

Mholanzi Christiaan Huygens alitengeneza saa ya kwanza ya pendulumu mwaka 1656. Pendulumu ndefu, ya karibu sentimeta 99, inachukua sekunde 1 kwenda na sekunde 1 kurudi. Njo sababu kabati ni refu. Kitu kinachoamua mwendo ni urefu wa pendulumu, si uzito wa ile sahani ya chini. Ikumbuke vizuri, tutarudi hapo.

Usalama kwanza

Kizito kimoja kinaweza kuwa na kilo 3 paka 5. Kikiangukia mguu wa mtoto, ni hospitali. Kabla ya kugusa kitu chochote ndani, fanya hivi:

- Fukuza watoto karibu na kabati, na ufunge mlango wake kwa ufunguo kila ukimaliza.
- Simamisha pendulumu kwa mkono, pole pole.
- Andika chini ya kila kizito upande wake: kushoto, katikati, kulia. Vinafanana, lakini mara nyingi havina uzito sawa. Ukivibadilisha, saa inaweza kusimama au kengele kukataa.
- Shika shaba kwa kitambaa safi au glavu ya pamba. Jasho la mkono linaacha alama nyeusi.

Na kama saa yako haina vizito, inajazwa kwa ufunguo na nguvu yake inatoka kwa resori iliyojikunja ndani ya sanduku la shaba, usifungue sanduku hilo hata siku moja. Resori iliyojazwa ikifyatuka inakata vidole.

Imesimama: sikiliza inasimama wakati gani

Fundi mzuri haanzi na turunevisi. Anaanza na maswali:

— Fundi, saa yangu imekufa.
— Mzee, inatembea muda gani kabla ya kusimama?
— Dakika tano tu.
— Na mulihamisha kabati?
— Ndiyo, tulipaka rangi kwenye ukuta.

Tayari fundi anajua pa kuangalia. Wewe pia unaweza kujua. Yako mambo manne.

*1. Inatembea dakika chache, kisha inasimama.* Karibu kila mara, saa haiko sawa upande wa kushoto na kulia. Isukume pendulumu, funga macho, sikiliza. Saa nzima inasema tik... tak... tik... tak..., nafasi sawasawa kama hatua za mtu mwenye afya. Saa mgonjwa inachechemea: tik-tak...... tik-tak...... Weka kipande chembamba cha mbao au cha katoni ngumu chini ya mguu wa kushoto, sikiliza. Kama imekuwa mbaya zaidi, jaribu mguu wa kulia. Endelea paka nafasi zilingane. Nivo ya mwashi inasaidia kuanza, lakini mwamuzi wa mwisho ni sikio.

Kama kabati linabaki limeinama vibaya kwa macho, kuna njia ya pili. Nyuma ya enjini ya saa kuna uma mdogo wa chuma unaoshika mti wa pendulumu. Inua upande mmoja wa saa paka sauti iwe sawa, kumbuka ni upande gani uliinua, shusha saa, kisha pinda uma kidogo sana kuelekea upande ule ulioinua. Milimita moja inatosha kwa kuanza. Shika juu ya uma kwa mkono mmoja na upinde kwa mkono wa pili, ili usivunje kitu kingine. Saa zingine za kisasa zinajirekebisha zenyewe: unavuta pendulumu paka karibu na ukuta wa kabati, unaiachilia, na baada ya dakika kadhaa sauti inakuwa sawa.

*2. Inasimama saa ileile kila siku.* Fungua kioo na uangalie mishale kwa upande. Haipaswi kugusana, wala kugusa kadrani, wala kugusa kioo. Mshale wa dakika unaogusa wa saa utasimamisha mashine nzima kila vinapokutana. Upinde kidogo kwa kidole ili kuwe na nafasi. Kama inasimama dakika chache kabla ya kengele kupiga, angalia upande wa kengele: pengine kizito chake kimefika chini, au nyundo imekwama.

*3. Inasimama siku ileile ya juma.* Hii inashangaza watu, wengine wanaanza kusema mambo ya wachawi. Hakuna mchawi. Vizito vikishuka paka vikafika usawa wa sahani ya pendulumu, na kabati halijashikwa imara, kabati linatikisika kidogo na vizito vinaanza kuyumba pamoja na pendulumu. Vinaiba nguvu yake, na saa inasimama. Dawa ni kufunga kabati kwenye ukuta kwa visi imara, au kutia uzani chini ya kabati ili lisitikisike. Angalia pia kama kizito hakigusi pendulumu au mlango kinapopita.

*4. Imekuwa ikidhoofika miezi mingi, sasa inasimama ovyo.* Pendulumu inayumba kidogo kidogo, kila juma kidogo zaidi. Hapa ni vumbi na mafuta yaliyokauka, au mashimo ya shaba yaliyopanuka kwa uzee. Kuongeza uzito kwenye kizito si dawa: unakula meno ya magurudumu haraka zaidi. Hii ni kazi ya fundi.

Kabla ya kumaliza, angalia juu kabisa pale pendulumu inaponing'inia. Kuna utepe mwembamba wa chuma, mwepesi kama wembe. Ukiwa umepindika au umepasuka, pendulumu inatembea kama inazunguka badala ya kwenda kushoto na kulia. Utepe huo hautengenezwi, unabadilishwa, na si kitu cha bei kali. Chukua ule wa zamani kama mfano: urefu, upana na unene vinapaswa kulingana.

Inatembea, lakini inachelewa au inawahi

Chini ya sahani ya pendulumu kuna ekru, yaani nati. Ukiipandisha, pendulumu inakuwa fupi na saa inakwenda mbio. Ukiishusha, pendulumu inakuwa ndefu na saa inachelewa. Kwa pendulumu ya mita moja, milimita 1 inabadilisha karibu sekunde 43 kwa siku. Kwa pendulumu fupi ya ukutani, ya sentimeta 25, milimita hiyo moja inabadilisha karibu dakika 3. Kwa hiyo zungusha nusu mzunguko tu, kisha ngoja siku nzima. Shika sahani kwa mkono mwingine wakati unazungusha, usikunje ule utepe wa juu.

Chukua daftari. Jumatatu saa moja jioni weka saa sawa. Jumanne saa moja jioni andika tofauti. Rekebisha. Jumatano andika tena. Kwa siku nne au tano utafika ndani ya dakika moja kwa juma, ambayo ni nzuri kwa saa ya nyumbani.

Unaiweka sawa kwa kufuata saa gani? Kwa simu au kwa redio, lakini angalia: mashariki ya nchi tuko saa 2 mbele ya Greenwich, na Kinshasa iko saa 1 tu. Televisheni ya Kinshasa ikitangaza saa moja jioni, kwetu tayari ni saa mbili.

Sasa, kama saa yako ilitoka Ulaya na inachelewa dakika 2 au 3 kila siku, usimtukane aliyekuuzia. Karibu na ikweta, dunia inavuta vitu kwa nguvu ndogo kidogo kuliko kule kaskazini, na milima yetu inapunguza tena kidogo. Mfaransa Jean Richer aliliona jambo hilo mwaka 1672: alipeleka saa ya pendulumu kutoka Paris paka Cayenne, karibu na ikweta upande wa Amerika ya Kusini, na ikachelewa karibu dakika 2 na nusu kwa siku. Ukifanya hesabu kwa saa iliyorekebishwa Brussels na kuletwa Bukavu au Goma, kwenye mita karibu 1500 juu ya bahari, unapata karibu dakika 2 na nusu vilevile. Dawa ni kupandisha sahani kiasi cha milimita 3 na nusu. Saa haina kosa. Imebadilisha nchi tu.

Joto nalo linagusa. Mti wa chuma unarefuka kwenye joto: tofauti ya digrii 10 inaleta karibu sekunde 5 kwa siku. Mti wa mbao unarefuka nusu ya hapo au chini yake, njo maana mafundi wengi wa zamani waliupenda. Usiweke saa kwenye jua la dirisha wala karibu na jiko.

Kengele inadanganya

Kwanza hakikisha kama ni kosa kweli. Saa hizi zinahesabu kama Wazungu: asubuhi ikipiga mara saba, wengi wetu tunasema saa moja. Na kuna saa ndefu za Ufaransa, zinazoitwa Comtoise, kutoka jimbo la Franche-Comté, ambazo zinapiga saa kamili mara mbili: mara ya kwanza kwa wakati wake, na tena baada ya dakika karibu mbili, kwa mtu aliyekosa kuhesabu. Si ugonjwa, zilitengenezwa hivyo.

Kama kweli mishale inasema saa tisa na kengele inapiga mara nane, jaribu hivi: zungusha mshale wa dakika mbele, ukingojea kengele imalize kwenye kila saa. Kwa mashine zingine kengele inajipanga yenyewe baada ya saa moja au mbili. Ikiwa tofauti inabaki ileile, mara nyingi mshale mfupi ndio umehama. Unashikwa kwa kukaza tu, unaweza kuusogeza kwa vidole paka kwenye idadi iliyopigwa. Ukikataa, usilazimishe.

Sheria moja ya kushika: zungusha mshale wa dakika tu, na kwa kwenda mbele. Usirudishe nyuma kupita saa ya kengele, unaweza kupinda chuma ndani. Kama saa imekwenda mbele dakika kumi, ni rahisi zaidi kusimamisha pendulumu, ungoje dakika kumi, kisha uisukume tena.

Kujaza

Chagua siku moja ya juma, mfano Jumapili baada ya misa au ibada, na mtu mmoja wa kufanya kazi hiyo. Wawili wakijaza, kila mmoja anafikiri mwenzake amefanya. Kwa saa ya ufunguo, zungusha pole pole na ukome kabla kizito hakijagonga mbao za juu. Usiinue kizito kwa mkono kumsaidia ufunguo: kamba ya chuma inalegea na kujisokota. Kwa saa ya mnyororo, vuta ule upande usio na kizito, bila kukisukuma kizito juu.

Mafuta na vumbi

Hapa ndipo saa nyingi zinauawa kwa nia nzuri. Mafuta ya mawese yanaganda. Mafuta ya kupikia yanakuwa gundi. Mafuta ya moto na ya gari ni mazito. Ile dawa ya kupuliza ya kuondoa kutu inasafisha siku mbili, kisha inakauka na kushika vumbi. Kinachohitajika ni mafuta ya saa, tone dogo kwa ncha ya sindano, pale tu ekseli ya gurudumu inapoingia kwenye shimo la shaba. Meno ya magurudumu hayatiwi mafuta. Vumbi la barabara na la mawe ya volkano, likichanganyika na mafuta kwenye meno, linakuwa kama msasa na kukwangua shaba usiku na mchana.

Tone jipya kila miaka 3 paka 5 linatosha, ikiwa mashine ni safi. Ikiwa mafuta ya zamani yamekuwa meusi au ya kijani, usiongeze mengine juu. Inapaswa kufunguliwa na kuoshwa, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kabati lipanguse kwa kitambaa kikavu. Usisugue sahani ya shaba kwa ndimu na majivu, unaikwaruza. Kadrani iliyochorwa kwa rangi usiioshe kwa maji na sabuni: namba zinaweza kutoka. Angalia miguu na mgongo wa kabati kila mwezi, kwa sababu ya mchwa. Kuiweka juu ya vipande vya kigae au jiwe tambarare kunasaidia dhidi ya maji na dhidi ya mchwa.

Tetemeko na kuhama

Sisi tunaishi juu ya ardhi inayotikisika. Bukavu inakumbuka tarehe 3 Februari 2008. Goma inakumbuka siku zilizofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilipotetemeka mara kwa mara. Saa ndefu ni nyembamba na nzito juu. Isiyofungwa ukutani inaweza kuangukia mtu. Ifunge kwa visi mbili juu, kwenye ukuta imara, si kwenye triplex. Na usiiweke karibu na kitanda wala kwenye njia ya mlango wa kutokea. Baada ya tetemeko, kama imesimama, usidhani imeharibika: angalia kwanza kama sauti bado ni sawa, maana sakafu au ukuta unaweza kuwa umehama kidogo.

Ukihama nyumba, toa pendulumu kwanza, kisha vizito. Pitisha waya mwembamba kwenye tundu za mnyororo karibu na mashine na uufunge, ili mnyororo usitoke kwenye meno yake. Funga kengele na nyundo kwa kitambaa. Vizito na pendulumu vifungwe peke yao. Usisafirishe saa pendulumu ikiwa ndani, hata kama ni kutoka chumba kimoja kwenda kingine: ule utepe wa juu unavunjika kwa hatua tatu tu.

Kumuita fundi, na nini cha kumwambia

Mwite kama gurudumu linateleza, meno yamevunjika, kamba ya chuma inaanza kufumuka, mafuta ni meusi, au umefuata hatua zote na bado inasimama. Mwambie inasimama wakati gani na mlifanya nini, unampunguzia kazi. Muulize kama amewahi kufungua saa ya vizito, si ya mkono tu. Patana bei kabla, andikeni kwenye karatasi, na omba akurudishie kila kipande cha zamani anachobadilisha.

Na uwe macho kwa jambo moja. Wako watakaokushauri kutoa mashine ya zamani na kutia kiini kidogo cha betri. Ni rahisi, na mishale itatembea. Lakini pendulumu inabaki pambo, na mashine ya shaba iliyotolewa inaweza kuwa ndiyo yenye thamani kubwa kuliko kabati. Kama unakubali, kubali ukijua, na mashine ya zamani ibaki nyumbani kwako.

Kwa ufupi

- Kila juma: jaza, siku ileile, angalia tofauti na uandike.
- Kila mwezi: vumbi, mchwa, visi za ukuta.
- Kila miezi sita: kamba au mnyororo, na utepe wa pendulumu.
- Kila miaka 3 paka 5: mafuta ya saa, tone dogo.
- Ikisimama: sikiliza sauti, angalia mishale, angalia vizito. Turunevisi ni ya mwisho.